Diski Iliyomkata Florian

Mjomba wangu Kaz hatazami sinema. Anatazama picha. Sisi wengine tunalia mchumba anapokufa. Yeye amesogeza pua karibu iguse kioo cha runinga, anauliza mbona koti la marehemu lilikuwa jeusi na sasa ni la kijivu.

Kwa hiyo diski mpya ya ile sinema ya mgomo ilipofika kwa posta, Mjomba alivaa shati la kola. Usicheke. Sinema hiyo ilipigwa mtaani kwetu, hapa Polish Hill, mtaa wa Wapolandi mjini Pittsburgh, Marekani, Bibi Bronia, mama yake Mjomba, akiwa bado mtoto wa kusukwa nywele. Wagomaji wanateremka mlima wakiimba, na nyuma yao, juu ya paa la kibaraza, amesimama kijana anapunga kofia. Huyo ni Florian, kaka yake Bibi. Mwaka uliofuata kiwanda cha chuma kilimmeza. Picha yake ya kawaida ipo moja tu, na humo amefumba macho. Florian anayecheka na kujongea yuko mahali pamoja duniani: kwenye kanda ya video ya sinema hiyo aliyonayo Bibi, kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Kanda yenyewe ilikuwa balaa. Chenga tupu. Uso wa Florian kama yai lililopasukia kikaangoni, na sauti kama mtu anayekaanga vitunguu nyuma ya runinga. Mjomba ilimuuma.

"Mama, unamtazama kaka yako kupitia supu!"

"Ni supu yangu," alisema Bibi.

"Hii diski wameitoa kwenye filamu yenyewe ya kamera. Wameisafisha. Safari hii utahesabu meno yake."

Na kwa jinsi alivyojiamini, hata kabla ya kuifungua hiyo diski, aliipeleka kanda kwenye duka la mitumba la parokia.

Jumapili baada ya misa tukakaa. Lazima nikiri, ilikuwa inang'aa. Kila tofali la mtaa lilionekana. Bibi alishika shavu. "Yule Gorski wa mikate! Jamani, kumbe alikuwa na chunusi!" Mjomba alivimba kama pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, kwenye maji ya moto.

Kisha kikaja kile kibaraza. Juu ya paa, pale picha inapoishia na mstari mweusi kuanza, kulikuwa na jozi ya viatu. Na suruali, hadi magotini. Basi.

"Rudisha," alisema Bibi.

Akarudisha. Viatu.

"Rudisha tena. Labda atainama."

Hakuinama.

"Kaz, kaka yangu yuko wapi?"

"Yupo, Mama. Si huyo hapo?"

"Hivyo ni viatu."

"Mjomba," nikasema, "uliahidi meno, umetuletea vidole vya miguu."

"Wewe nyamaza! Mama, sikiliza. Hili ndilo umbo sahihi. Kwenye majumba ya sinema waliziba kipande cha juu na cha chini, ndivyo mwongozaji alivyotaka. Ile kanda haikuziba kitu, kwa hiyo ilikuwa inaonyesha vitu visivyotakiwa."

"Visivyotakiwa," alisema Bibi, taratibu.

Nilijua Mjomba amekwisha. Yeye tu ndiye hakujua.

"Na mluzi wake je? Alikuwa anapiga mluzi pale."

"Haukuwa mluzi, Mama. Ulikuwa mkwaruzo wa kanda. Wameusafisha."

Bibi alivua miwani, akaikunja. "Nipe kanda yangu, mimi nikatazame kwangu chumbani."

Ndipo Mjomba alipoanza kuusoma uzi wa zulia kana kwamba ni gazeti.

Jumatatu, mlango wa duka la mitumba ulipofunguliwa, sisi tulikuwa tumeshaganda nje. Mama mmoja wa kaunta, Halina, alitutazama kwa huruma. "Kanda? Nani ananunua kanda siku hizi? Zimo kwenye pipa, huko nyuma."

Mjomba wangu, mtu anayevaa glavu kushika diski, aliingia kwenye pipa hadi kiunoni. Alitoka na kanda mkononi na jani la kabichi begani. Sikulitaja hilo jani mpaka tulipofika nyumbani. Kuna starehe ambazo hazina haraka.

Akaifuta kanda, akaikausha, akaiingiza kwenye deki huku analaani kwa Kipolandi. Chenga zilikuwa zimezidi, lakini Florian alikuwepo: kichwa, kofia, mkono unaopunga. Bibi aliinama mbele.

"Chini haonekani," alisema. "Miguuni ni doa jeusi tu."

Mjomba alishika kichwa. "Mama! Si ulitaka uso?"

"Nilimtaka kaka yangu. Vile viatu ni vya baba. Alivichukua bila kuomba ili aonekane mtanashati kwenye sinema, na jioni baba akamchapa. Nilikuwa nimesahau kabisa mpaka jana nilipoviona. Sasa namtaka mzima."

Ndiyo maana sebuleni kwetu kuna runinga mbili zimepandana. Ya juu ni ya zamani, ina kanda: Florian kuanzia magotini kwenda juu, ndani ya chenga. Ya chini ni mpya, ina diski: suruali na viatu, hata kamba unaziona. Mjomba amelala kifudifudi na rimoti mbili, anahesabu moja, mbili, tatu, anabonyeza zote. Hazijawahi kwenda pamoja. Kanda ina mwendo wake wa kizee.

"Umeitanguliza miguu," alisema Bibi jana.

"Nimeona, Mama."

"Sasa kiwiliwili kinapunga peke yake."

"Nimeona!"

Nikamwambia Mjomba kwamba kompyuta ingeziunga hizo picha mbili kabla chai haijapoa. Alinigeukia akiwa palepale sakafuni, shati limejaa vumbi la zulia.

"Kuchanganya umbo sahihi na takataka? Kamwe!"

Akarudi kwenye rimoti. Juu, Florian alikuwa ameshaondoka. Chini viatu bado vimesimama, na Bibi, kidole kwenye kioo, alikuwa anaviashiria vingoje.