Bembea ya Meneja

Mjukuu wa meneja alifika kwenye mji uliojengwa na kampuni ya mpira ya Kimarekani kando ya Amazoni, ambao sasa ni mabati yenye kutu na miti ya mpira iliyokauka, akamwambia Dona Zulmira, bibi aliyebaki hapo tangu enzi za kampuni, kwamba anaandika historia ya mji huo.

"Babu aliwafundisha kuishi kistaarabu," alisema, jasho likimchuruzika.

Zulmira akasonya. Ustaarabu gani? Kuwajengea watu nyumba za bati zenye joto la tanuri, kisha kuwafukuza kazi wakilala nje! Meneja yule alizikusanya bembea zao za kulalia, akazichoma moto mbele ya kanisa, akawagawia vitanda vya chuma. Hata kuku wa Zulmira walivikataa.

Lakini mgeni alikuwa hoi. Zulmira akamlisha samaki na unga wa muhogo, akamfungia bembea kuukuu kibarazani, akamwacha akorome mpaka jioni.

"Bibi, sijawahi kulala hivi!" alisema alipoamka, akiipapasa. "Umeisuka mwenyewe?"

"Mimi? Thubutu! Hiyo tuliikuta imening'inia chumbani kwa babu yako, siku kampuni ilipotukimbia. Kitanda chake kilikuwa bado kimefungwa makaratasi ya kiwandani. Haya, andika."