Maji ya Mikono ya Osob

Kabla ya sanduku la Habibo, maziwa yaliyotajwa Garissa yalikuwa ya Osob. Mwenye hoteli hakumuuliza bei. Alimuuliza tu kama yamebaki. Katika wanawake wote walioketi kwenye mikeka ya soko, hapakuwa na aliyejua kama yeye kufukiza chombo kwa moshi ili maziwa yakae. Wengine moshi wao ulizidi hadi mtu akajihisi anakunywa majivu, wengine ulipungua maziwa yakachacha mapema. Wa Osob ulikaa mahali pake. Alilijua hilo, na alipenda wengine walijue pia.

Kisha vita vikaja. Watu wakaamriwa kukaa katika vijiji vilivyozungushiwa ua wa miiba, karibu na macho ya serikali. Ngamia waliosalia walichungwa mbali, kwa ruhusa, na maziwa yao yalipofika kwenye kizuizi cha njia ya Habaswein, askari walikagua chombo kimoja kimoja wakitafuta risasi. Jua halikuwangoja wamalize. Maziwa yalivuka kizuizi yakiwa yamekwisha kukatika, na moshi wa mtu yeyote, hata wa Osob, haukufua dafu. Lakini yaliharibika ya wote, na hasara ya wote haikumuuma sana. Bado yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa waliopata hasara.

Aliyemuuma ni wifi yake.

Habibo, dada mdogo wa mumewe Warfa, hakuwahi kufukiza chombo bila kukiunguza. Alikuwa mtu wa kusahau sufuria motoni huku ametumbulia macho kitu kingine. Siku moja alitumbulia macho mifuko ya turubai iliyoning'inia mbele ya gari la askari, imejaa maji, inatoka jasho kutwa nzima. Akaomba maji ya kunywa, akayakuta baridi. Mwingine angeshukuru akaenda zake. Habibo alirudi nyumbani akaunda sanduku: mbao za makreti, kuta mbili za waya wa kuku, na katikati ya kuta hizo akashindilia mkaa. Mkaa ulimwagiwa maji asubuhi, upepo ukapita, na maziwa ndani yakakaa mchana kutwa kana kwamba yamekamuliwa muda ule ule. Sanduku likabebwa kwa punda, likavuka kizuizi, likafika sokoni na maziwa mazima.

Habari zikamfikia bwana mmoja wa maendeleo aliyetoka Nairobi. Alieleza kwamba ofisi yake ina ruzuku, fedha isiyorudishwa, kwa mtu mmoja tu wa wilaya: mtu mwenye kitu kipya ambacho bado hakijaingia dukani, apate kutengeneza vingi na kuviuza. Ila alikuwa ameona vitu vingi vizuri vinavyofanya kazi mikononi mwa aliyevibuni, na kwingine havifanyi. Alitaka sanduku litumiwe na mwingine kwanza. Akirudi, huyo mwingine ndiye atakayehojiwa.

Habibo akamchagua Osob, mbele ya mikeka yote.

"Huyu hajawahi kunisifu tangu nizaliwe," alisema. "Akisema ni zuri, nani atabisha?"

Wanawake wakacheka, na Osob akacheka nao, kwa meno. Kukataa kungekuwa kujianika. Akalipokea sanduku, akaliweka kwenye kivuli chake.

Lilifanya kazi. Hilo ndilo lililomkera. Angelikuta bovu angelihurumia, pengine hata angemfariji wifi yake. Badala yake, mwenye hoteli alionja, akafuta masharubu, akasema, "Mashallah, maziwa ya sanduku." Si ya Osob. Maziwa alikuwa ameyafukizia chombo yeye, ameyabeba yeye, ameyauza yeye, na sifa ilikwenda kwa mkaa. Nyumbani Warfa naye hakuwa na hadithi nyingine ila akili ya dada yake. Na ruzuku ikija, alisema, Habibo atafungua karakana, atauza masanduku mpaka Wajir. Osob akampakulia chakula bila kumtazama. Alijiona ameketi kwenye mkeka wake miaka inayokuja, mzee, akimnunulia wifi yake kitu cha kumsaidia kuuza maziwa yake mwenyewe.

Asubuhi moja alifika kwenye sanduku na mtungi wa maji begani. Akasimama. Akauzunguka mkaa kwa macho, kisha akageuka, akayatumia maji yale kuosha vyombo alivyokwisha kuviosha. Mkaa ukaanza kupauka. Osob aliketi kando yake akiuza kahawa kwa wapita njia, na moyo wake ulikuwa mwepesi, jambo lililomshangaza.

Adhuhuri maziwa yalikuwa mabonge.

Muslimo, mkongwe wa mikeka, akanusa, akatikisa kichwa, akasema hili ni jicho la husuda. Hakutaja mtu. Hakuna aliyemtazama Osob, na kule kutomtazama kulitosha.

Kwa watu wale, aliyedhaniwa kurusha jicho hapigwi wala hatukanwi. Huombwa kwa adabu anawe uso na mikono, na maji yale humwagwa juu ya kilichopigwa na jicho kipate kupona. Akikataa, amekiri. Akikubali, amekaribia kukiri. Osob alikuwa bado anatafuta njia ya tatu Habibo, aliyekuja akaligusa sanduku na kuondoka, aliporudi na beseni.

"Abaayo, nawa."

"Sikulitazama sanduku lako kwa ubaya."

"Sijasema umelitazama. Nawa tu, dada yangu. Kama si wewe, basi utakuwa umenawa mikono."

Akanawa. Habibo akayamwaga maji yale juu ya mkaa, pande zote, akaongeza mtungi mzima ili, alivyosema, baraka ifike kila pembe. Mkaa ukanywa. Maziwa ya siku iliyofuata yalikaa baridi mpaka jua likaelemea upande wa mto, na wanawake wakapiga vigelegele: jicho limetoka.

Limetoka kwenye sanduku, ila kwa Osob ndiyo kwanza limeingia. Mama wenye watoto wachanga waliwafunika nyuso alipopita. Mwenye hoteli, mtu aliyemjua ujana wake wote, aliziba glasi yake kwa kiganja. Ardo, jirani yake wa mkeka, alisogeza mkeka kidogo, na kesho yake kidogo tena. Wateja walimsalimu vizuri sana na kununua kwa mwingine. Angeweza kuwaambia yote ni uongo, kwamba mkaa ulikuwa mkavu tu. Nao wangeuliza: mbona ulikuwa mkavu?

Alimvizia Habibo akiwa peke yake, akifunga punda.

"Siku ile ulishika mkaa kabla ya kuleta beseni," Osob alisema. "Nilikuona."

"Nilishika. Ulikuwa mkavu kama mfupa."

"Mbona hukusema?"

Habibo akaendelea na kamba yake. "Jicho mtu hupewa, halitafuti. Ule mkaa ulikaushwa na mtu. Nilikuchagulia jina lililo jepesi kati ya hayo mawili."

Osob alirudi nyumbani akiwa hoi. Wivu wa sanduku aliuzoea, ulikuwa na mahali pake kifuani. Huu ulikuwa mpya. Wifi yake alikuwa amemsitiri, na angekuwa yeye, asingemsitiri. Alilijua hilo vizuri kama alivyojua moshi. Kumbe hata kwa wema alikuwa ametanguliwa.

Bwana wa maendeleo akarudi. Alilipekua sanduku, akaonja maziwa, akaonekana kuridhika hata kabla ya kumhoji Osob, mpaka mtu mmoja akaropoka kuhusu siku ile ya mabonge. Akauliza kulikuwa na nini. Muslimo akamweleza, kwa utulivu, habari ya jicho na maji ya mikono. Yule bwana hakucheka. Alifunga kalamu yake. Alisema anaheshimu mila za watu, lakini ofisi yake haiwezi kutoa fedha kwa chombo kinachofanya kazi au kugoma kwa kutegemea nani amekitazama. Mnunuzi wa Wajir atapewa beseni la nani?

Osob alimtazama Habibo, akingoja aseme. Neno moja tu lilihitajika: ulikuwa mkavu. Habibo alikunja midomo, akatazama chini, na Osob akaelewa kwamba hatalisema. Ataiacha ruzuku iende. Hii ndiyo saa aliyoiomba, na haikumgharimu kitu ila kukaa kimya.

Lakini atakaa kimya mpaka lini? Atakufa akiwa mtu wa jicho, na juu yake akiwa na deni la huyu msichana anayeunguza vyombo, deni ambalo hakuna atakayelijua na ambalo hatalimaliza. Afadhali awe mbaya kwa mikono yake mwenyewe.

Akainuka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akakitumia hicho hicho ili yule mgeni asikie bila mkalimani.

"Hiyo sanduku mimi ilinyima maji. Si jicho. Ni mimi, kwa kusudi."

"Kwa nini?" yule bwana akauliza.

"Maziwa yake ilikuwa zuri kuliko yangu."

Ardo akavuta shungi mdomoni. Yule bwana akafungua kalamu. Alisema kwingine ameshahoji mashahidi wengi, wote marafiki wa mwenye kitu, na ushahidi wao haukumsaidia. Huyu alitaka kiharibike, na hakikuharibika mpaka alipokinyima maji. Hapo hapo akamwambia Habibo ruzuku ni yake.

Vigelegele vilipotulia, Habibo alimjia.

"Usinishukuru," Osob alisema.

"Nani anakushukuru? Nikianza kutengeneza, la kwanza nitakuuzia wewe. Bei ya wateja wote."

"Utanipunguzia mpaka ulie."

"Jaribu, wifi."

Habibo akachukuliwa na watu. Osob akabaki na sanduku, na wivu wake ukabaki naye, haukwenda popote. Akalizunguka polepole. Mlango wake, aliona, ulikaa upande. Ulikuwa ukivujisha baridi siku zote na hakuna aliyegundua. Yeye angeuzungushia ukanda wa ngozi ya mbuzi, ukafunga sawasawa. Akaupapasa ukingoni kwa kidole, akapima, akaanza kufikiri ngozi ataitoa wapi.