Biddy Aliingia Mwenyewe

Tuohy alipoamua kumuuza Biddy ng'ambo, hakuja kutuambia. Tulisikia kwa watu baada ya misa. Kwenye karatasi Biddy alikuwa mbwa wake wa mbio, lakini aliyemlea tangu ananyonya, akamfundisha mbio na kumlaza kando ya jiko letu hapa Tipperary, ni kaka yangu Dinny. Sasa kasi yake imepungua, na huko anakopelekwa huwakimbiza mbwa mpaka miguu ivunjike, na hakuna wa kuuliza. Mimi nilitukana. Dinny alikwenda kumlisha Biddy.

Tumaini letu likawa sheria. Mbwa hasafirishwi mpaka daktari wa mifugo aone kwamba tundu la kumsafirishia linamtosha kusimama na kugeuka, na kwamba anaingia humo bila hofu. Akiogopa, habebwi.

"Huyu hata bafuni haingii," nilimwambia Dinny. "Atagoma tu."

"Tuombe Mungu, dada."

Daktari Lacey alikuja asubuhi, binti wa watu, mpole. Alisoma alama za utambulisho zilizochanjwa kwa wino masikioni mwa Biddy, akampapasa miguu, akapima tundu lililokuwa nyuma ya gari la Tuohy.

"Nimelala hoteli mbaya kuliko hilo, daktari," Tuohy akasema.

"Asisukumwe," daktari akasema. "Mwachieni."

Dinny akamfungua kamba.

Hapo ndipo tulipokumbuka, na tulikuwa tumechelewa. Mbwa wa mbio huanzia mashindano ndani ya kijichumba chembamba, chenye giza. Mlango ukiinuka, sungura wa bandia huyo, nao humfukuza. Anayekiogopa kijichumba hakimbii kamwe. Kwa hiyo Dinny alimfundisha Biddy kukipenda, kwa vipande vya soseji na maneno matamu, tangu utotoni.

Biddy akaliona tundu. Masikio yakasimama. Akaruka ndani mwenyewe, akageuka, akainama akiuelekea mlango, mwili mzima ukitetemeka.

"Anatetemeka," nikadakia. "Si unamwona, daktari? Anaogopa."

Daktari alinitazama, kisha akamgeukia kaka yangu. "Mzee Dinny, wewe ndiye unayemjua. Hiyo ni hofu?"

Nilimkanyaga Dinny mguu, aseme ndiyo. Kaka yangu amemdanganya padri, amewadanganya watu wa kodi, na marehemu mkewe ndiyo usiseme. Kuhusu mbwa hajawahi kudanganya.

"Siyo hofu," akasema. "Amefurahi. Anadhani sungura anakuja."

Daktari akatia sahihi taratibu, bila kututazama. Tuohy akafunga tundu.

Nilimchukia Dinny siku ile, nami nilimwambia hivyo mbele yao wote. Alikuwa ameshika kamba tupu, akimwangalia Biddy kupitia nondo za tundu. Gari likaondoka, na Biddy bado ameinama vilevile, macho mlangoni, akingoja uinuke.