Swabra Haitiki

Mama yangu ana sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa nyumbani kwetu ikapita hivi hivi: ukiitwa, uitike. Msichana aseme abee, mvulana aseme naam, na sauti itangulie miguu. Hapa Shela, Malindi, mtoto asiyeitika husemwa hana adabu, na kwa Mama, mtoto asiye na adabu huwaaibisha hata waliokwisha lala makaburini.

Kwa hiyo nilipotangaza kwamba Jumamosi nitawapeleka watoto Kilifi, kwenye kituo kipya cha sayansi cha watoto, hakuuliza habari ya nauli wala chakula.

"Haroun na Adnan sawa," alisema huku akikuna nazi. "Swabra haendi."

"Kwa nini, Mama?"

"Muulize maziwa yangu ya jana. Yamefurika mpaka yamezima moto, naye amekaa pale pale jikoni ananyoa mwanasesere nywele. Nimemwita nikiwa mlangoni mpaka koo limekauka. Kimya. Mtoto ananipa mgongo kama mimi ndiye niliyemkosea."

"Ni mtoto, Mama."

"Mtoto ndiye hufunzwa, Ummu. Mkubwa nitamfunza nini?"

Swabra ni binti wa kaka yangu anayefanya kazi Doha. Mamake aliolewa tena Lamu, naye akabaki kwetu, analelewa na bibi yake. Ana miaka minane, mwembamba, na macho makubwa yasiyotulia. Hutamka maneno kana kwamba kila moja limeliwa na panya ukingoni: samaki kwake ni amaki, sukari ni ukari; hapa nayasimulia yakiwa kamili. Mama huita hilo deko. Mwalimu wake wa shule aliwahi kusema ni mtoto mwenye bidii ya macho na uvivu wa masikio, sote tukacheka. Babake akipiga simu, Swabra huisukuma kwa mtu mwingine, isipokuwa iwe simu ya video. Hapo huikumbatia asiiache. Kaka yangu aliniambia mara moja, kwa sauti ya kujikaza, kwamba bintiye huenda ameanza kumsahau.

Mimi nilikuwa nimehitimu ualimu wa fizikia na kungoja kazi, na katika kungoja huko nilikiona kile kituo kwenye simu yangu. Kina chumba cha giza chenye nyota darini. Kina baiskeli ambayo ukiikanyaga taa zinawaka. Na kina masinia mawili makubwa mno, kila moja kwenye ukuta wake, ukumbi mzima katikati: mmoja ananong'ona kwenye sinia lake, mwenzake kule mbali, amempa mgongo, anasikia kana kwamba mdomo uko sikioni mwake. Niliwaeleza watoto yote hayo, na nilipanga tuanze na hayo masinia. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtoto akishangaa vizuri mara moja, hawi tena kama alivyokuwa.

Kaka yangu mwingine, Bwanamkuu, baba yao Haroun na Adnan, alikubali kutoa gari lake. Tungepita Gede kununua ndizi, tungekula mahamri njiani, na adhuhuri tungeswali Kilifi. Kila kitu kilikuwa tayari ila Swabra.

Nilimbembeleza Mama hadi akalegeza kidogo. "Haya. Kuanzia sasa mpaka Ijumaa, kila nimwitapo aniitikie. Akikosa mara moja tu, Jumamosi atabaki na mimi tuchambue mchele."

Nikamchuchumalia Swabra, nikamweleza. Alinitazama mdomo neno kwa neno, kisha akakubali kwa kichwa, kwa nguvu.

Tangu hapo akawa kivuli cha bibi yake. Mama akienda kisimani, yuko nyuma yake. Mama akiswali, yeye ameketi pembeni mwa mkeka anamkodolea macho. Mama akigeuka tu na kufungua kinywa, kabla jina halijaisha, abee imeshatoka.

"Subhanallah, mtoto huyu," Mama alilalamika. "Ananitazama mdomoni kama paka aliyeona mtu anakula nguru. Naogopa hata kupiga miayo."

"Lakini aitika," nikasema.

"Aitika," Mama akakubali, na nikaona tabasamu analolificha nyuma ya mtandio. "Yaonekana alikuwa anataka dawa tu."

Nikafurahi. Nikadhani tumeshashinda.

Alhamisi alasiri niliamua kuwafanyisha watoto mazoezi ili wasifike Kilifi wakaogopa kugusa vitu. Nilichukua makopo mawili ya maziwa, nikayatoboa vitako, nikayaunga kwa uzi ambao Mama hushonea kofia. Kopo moja nikalipitisha dirishani, chumbani kwa wavulana, na dirisha nikalirudisha nikaacha upenyo wa uzi tu. Kopo la pili likabaki uani. Mtu wa ndani angenong'ona, wa nje angerudia alichosikia.

Haroun, mwenye miaka kumi, aliingia ndani. Adnan, mdogo wake, akashika kopo la nje, akafumba macho, akasikiliza, uso ukamkunjamana.

"Asemaje?" nikauliza.

"Asema Adnan akivua viatu, kunguru wahama Malindi."

Tukacheka, na kutoka chumbani kicheko cha Haroun kikaja kupitia kopo hadi Adnan akalitupa. Ikawa zamu ya Swabra. Alilipokea kwa mikono miwili, akalibandika sikioni, akafumba macho kama alivyomwona mwenzake akifanya. Uzi ukanyooka. Tukangoja.

"Asema..." Swabra akafumbua macho, akanitazama, akamtazama Adnan. "Asema tutakula haluwa."

"Sijasema hivyo," Haroun akaita kutoka ndani.

"Hebu tena," nikasema.

Akabandika kopo. Akangoja. "Asema Haroun ni mfalme."

"Nimesema kuku wa Bibi ana jicho moja," sauti ya Haroun ikaja. Kisha mlango ukafunguka, akatoka, kopo mkononi. Hakuwa na hasira. "Shangazi, mpe mchezo mwingine. Huu hawezi."

"Hawezi vipi?"

"Yeye mpaka amwone mtu mdomo. Ndivyo alivyo."

Nilidhani anatania. Haroun ni mtani. Lakini alikuwa akikunja uzi polepole asiukate, kama mtu aliyesema kwamba mvua hunyesha.

"Tangu lini, Haroun?"

"Tangu zamani. Mimi nikimtaka humgusa bega." Akaniangalia kwa mshangao. "Kwani nyinyi hamjui?"

Mama alikuwa ametokea mlango wa jikoni, nyuma ya Swabra, ungo mkononi. Hakuwa amesikia maneno ya Haroun. Aliona watoto wamesimama tu, akaona ni wakati wa kazi.

"Swabra," akaita.

Swabra alikuwa ameinama anachungulia ndani ya kopo, akilitafuta labda lile neno lililokosekana.

"Swabra."

Nilitaka kumshika mkono. Mkono wangu haukwenda. Kuna kitu ndani yangu kilitaka kuona, na kitu kingine kikiomba nisione.

"Wewe Swabra," Mama akapaza sauti, kunguru wawili wakaruka kutoka ukutani. Swabra akatia kidole kwenye tundu la kopo, akakizungusha.

"Basi," Mama akasema. "Yamekwisha. Jumamosi ni mchele."

Adnan akamgusa mwenzake bega. Swabra akageuka, akamwona bibi yake, na uso ukamsawijika. "Abee, Bibi. Abee. Nilikuwa naja. Abee."

Nikapiga magoti mbele yake. "Swabra, umemsikia Bibi alipokuwa akikuita?"

"Alikuwa nyuma."

"Sikuuliza alikuwa wapi. Umemsikia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama amekula kesho. "Sasa nitamsikiaje na yuko nyuma?"

Mama akaweka ungo chini. Na Swabra, akituzungushia macho mmoja mmoja, akaona jambo kwenye nyuso zetu ambalo hakulielewa, na polepole akaanza kulielewa.

"Kwani nyinyi," akasema, "mwamsikia mtu aliye nyuma?"

"Ndiyo," Adnan akajibu.

"Hata gizani?"

"Hata gizani."

"Hata ukuta uko katikati?"

Adnan akanitazama kuomba ruhusa. Sikujua nimpe au nimnyime. "Ndiyo," akasema kwa unyonge.

Swabra akalitazama kopo mkononi mwake. Nimewahi kuona watu wakipewa habari ya msiba, lakini sijawahi kuona uso kama ule, wa mtoto anayegundua kwamba wenzake wote wana mlango nyumbani ambao yeye hajawahi kuuona.

"Mlifundishwa lini?" akauliza. "Mimi sikuwepo siku hiyo?"

Nimekaa miaka chuoni nikichora mawimbi ya sauti, na mbele ya swali lile nikamgusa bega tu, kama Haroun afanyavyo.

"Si kweli," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, siijui. "Huyu adhana aisikia. Ikilia tu, huinuka akanitandikia mkeka."

"Adhana ina vipaza sauti, Mama."

Swabra alikuwa amefuata midomo yetu. "Mnara nauona hapa uani," akasema. "Na taa yake ikiwaka pia naiona."

Mama akaja mpaka katikati ya ua. Alivuta mtandio akaufunika mdomo, akasimama mbele ya mjukuu wake, macho kwa macho. Tuliona kitambaa kikipanda na kushuka. Sote tulisikia jina likitoka, wazi kabisa. Swabra alimtazama, akingoja aanze kusema.

Mama akaushusha mtandio. Safari hii hakutoa sauti hata kidogo. Alifinyanga tu jina kwa midomo, S-w-a-b-r-a, hewa tupu.

"Abee, Bibi," Swabra akaitika hapo hapo.

Mama alirudi nyuma hatua kadhaa, akakutana na kibao cha mbuzi ya nazi, akakikalia bila kuangalia kama makali yake yako upande gani. Haroun akakimbia kukigeuza. Mama hakumwona. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, kidole gumba na cha shahada, akivikutanisha na kuviachanisha.

"Nilimfinya," akasema. "Siku ile, kwa ajili ya maziwa. Nilimfinya sikio." Akaniinulia uso. "Ummu, nilimfinya sikio lile lile."

Nilikumbuka mwalimu na uvivu wa masikio. Nilimkumbuka kaka yangu Doha, na simu inayosukumwa, nikataka nimpigie saa ile ile nimwambie hajasahauliwa, hajawahi kusahauliwa, ni kwamba mdomo wake haukuonekana.

"Jumamosi haendi mtu," Mama akasema ghafla.

"Mama..."

"Haendi mtu Kilifi kutazama nyota kabla mtoto huyu hajatazamwa. Kesho asubuhi, hospitali. Wakisema twende Mombasa, twende Mombasa. Bwanamkuu na gari lake watangoja."

Lakini Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na Swabra hakupata isipokuwa mwanzo wa maneno. Alipata haendi. Machozi yakamjaa, hakuyafuta, maana kufuta kungemzuia kuona.

"Lakini niliitika," akasema. "Bibi, niliitika kila mara. Sikukosa ila leo."

Ndipo Mama akafanya jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya kwa mtoto yeyote, mimi nikiwemo. Nyumbani kwetu mkubwa huita na mdogo huja. Haijawahi kuwa kinyume. Mama akainuka na goti lake bovu, akauvuka ua, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa Swabra, akaupangusa mdomo wake mwenyewe kwa kiganja kama mtu anayefuta kioo.

"Waniona?" akauliza.

"Nakuona."

"Utaenda. Twaanza hospitali, kisha tutaenda sote. Hata mimi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nani atakayekuwa mbele yako njia nzima?"

Swabra akampapasa bibi yake kidevu kwa vidole viwili, taratibu, kuhakikisha kwamba maneno yametoka hapo.

Saa ya magharibi ilipokaribia, Adnan alikuja mlangoni akapiga kelele kwa mazoea, "Swabra, uji tayari." Mama akamgeukia. "Mwendee," akasema. "Una miguu. Kuanzia leo anayemtaka Swabra atamwendea." Na Adnan akaenda.

Mimi nilikuwa barazani na simu yangu, nikisogeza mbele siku ya safari. Swabra akaja akaketi mbele yangu, si pembeni, mbele kabisa, magoti yakigusana. Tangu alasiri alikuwa akizunguka nyumba akigusa vitu na kuniuliza, na mimi nikimjibu ukweli kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Pazia lina sauti? Kidogo, upepo ukivuma. Paka? Akilia, ndiyo, akitembea, hapana. Mchele ukimwagwa? Ndiyo. Kila ndiyo ilimkunja uso.

"Hayo masinia makubwa," akasema, "ya kusikia mtu aliyekupa mgongo. Ndiyo ya kwanza?"

"Ndivyo nilivyopanga. Naweza kubadilisha."

Akafikiri. "Na zile nyota za darini. Zina sauti?"

"Hazina."

"Hata kidogo? Hata nyinyi hamzisikii?"

"Hakuna mtu anayezisikia, Swabra. Hakuna kabisa."

Akashusha pumzi, ya kwanza ndefu tangu alasiri. "Basi tuanze na hizo," akasema.