Siku ya Mvua Ndiyo Siku Yenyewe

Kwetu Caazapá, huku mashambani, mvua ikinyesha hakuna anayekwenda popote. Barabara ya udongo mwekundu hufungwa kwa mnyororo ili malori yasiichimbe, wenye sherehe huahirisha, na watoto hubaki nyumbani wasiende shule. Hakuna anayewalaumu. Ukisema "mvua" umeshajieleza.

Ndiyo maana nilipoamka alfajiri ile na kusikia bati likipigwa, nililia kidogo, kimyakimya, kama ninavyofanya mambo yangu mengi.

Siku hiyo mkufunzi Leguizamón wa chuo chetu cha ualimu alikuwa aje kunitazama nikifundisha. Alikuwa amefika jana yake jioni, barabara ikiwa bado wazi, akalala kwa mwalimu mkuu. Mara ya kwanza aliponitazama alikuwa ameniambia, "Binti, unalijua somo, lakini unalinong'ona. Mwalimu asiyesikika anamfundisha nani?" Sasa hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Nisipofundisha leo, wenzangu watahitimu bila mimi. Na ningefundishaje madawati matupu?

Nilimkuta mwalimu wangu mlezi, Ña Nimia, yaani Bi Nimia, tayari yuko jikoni mwa shule. Koti lake jeupe la ualimu lilikuwa limepigwa pasi kama siku ya bendera. Alikuwa anakaanga mbeju, ule mkate bapa wa wanga wa muhogo na jibini, ambao ndio chakula chetu cha mvua.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Hawatakuja, Profe."

"Mimi nimekuuliza umeamkaje."

"Vibaya."

"Haya. Kafungue darasa, ufute madawati. Wakija wamkute mwalimu."

Ndivyo alivyokuwa. Siku za mvua shule nyingine zote za upande wetu zilikuwa kimya, lakini yeye alifungua. Akija mtoto mmoja, alimfundisha somo zima kama lilivyo kwenye andalio, halafu akampa mbeju ya moto. Nilipokuwa mgeni nilimuuliza kwa nini asipumzike kama wengine. Akanishangaa. "Mtu amelowa mpaka mifupani kuja kwangu, nimrudishe na nini?"

Wiki yangu ya kwanza nilikosea hesabu ya kutoa ubaoni. Ña Nimia, aliyekuwa amekaa nyuma, aliinuka. Aliniomba nikamsaidie kufunga dirisha kwa nje, na huko nje ndiko alikoninong'oneza kosa langu. Nilirudi nikalisahihisha mwenyewe, na watoto hawakujua. Jioni alinipa neno moja tu kuhusu sauti yangu: "Usihangaike kupiga kelele. Msogelee mtoto. Wewe sauti yako iko miguuni."

Nilifuta madawati. Nilipofungua mfuko wa zana zangu, niliona maji yamepenya. Maduara yote ya kadibodi niliyoyakata na kuyapaka rangi kwa ajili ya kufundisha nusu na robo yalikuwa yamegeuka uji. Mkufunzi akaingia, akakung'uta poncho yake, lile blanketi la kuvaa, akakaa nyuma na kutazama saa.

Ndipo tukasikia mlio wa magurudumu ya mbao. Mkokoteni wa ng'ombe wa Don Eladio ulikuwa unapanda kilima, umefunikwa plastiki, na chini ya plastiki vichwa vinachungulia.

"Mwalimu Mirna!" aliniita Don Eladio. "Njoo uchukue watu wako! Nimewaambia walale, wamekataa. Huyu Derlis eti, 'Baba, siku ya mvua ndiyo siku yenyewe!' Nikaona nikimwacha atakuja kwa miguu, na wenzake njiani wakanisimamisha kama basi."

"Ni kwa sababu ya mbeju," alisema Derlis, mwanawe, akiruka chini. "Na hesabu. Ila mbeju kwanza."

Ña Nimia alimsalimia kila mmoja mlangoni kwa jina lake, akawapa taulo, akaweka sinia la mbeju juu ya meza yangu. Mvua ikazidi. Bati lilinguruma hata sikujisikia mwenyewe nikisema "hamjambo". Nilimtazama kwa macho ya kuomba: kaa nami, nisemee. Alitikisa kichwa taratibu, akachukua kiti chake na kibuyu chake cha mate, ile chai yetu ya majani machungu, akaenda kukaa barazani, akatugeuzia mgongo. Darasa lilikuwa langu.

Basi nikaacha kusema. Niliinua mbeju moja, mviringo kama mwezi, wote wakaiona. Niliikata katikati, nikaandika ubaoni: nusu. Nikakata tena: robo. Kisha nikawapa makundi mbeju zao, nikaenda meza kwa meza, nikainama, nikauliza sikioni: nipe nusu, nioneshe robo, robo mbili ni sawa na nini? Nao wakanijibu sikioni, pumzi zao zikinuka maziwa.

Meza ya Derlis wengine walikuwa bado hawajaamka vizuri, nikawakatia mimi. Nilikata haraka, jicho moja likiwa kwa mkufunzi.

Derlis akasimama juu ya benchi. Sauti yake, ambayo Mungu hakuipunguza popote, ilishinda mvua.

"Hii si robo! Mwalimu, hii ni robo ya kijanja! Ya Arami ni kubwa!"

"Acha uchoyo wewe!" Arami wa meza yao akamjibu.

"Si uchoyo, ni hesabu! Vipande vinne havilingani, basi si robo, ni vipande tu!"

Mkufunzi aliinua kichwa. Niliona aibu mpaka masikioni. Halafu nikatambua kwamba alichokisema Derlis ndicho hasa nilichotaka wajifunze, na mimi nilikuwa sijakifikia. Nilimpa mbeju nzima na kisu cha mezani. "Umesema kweli," nilimwambia sikioni. "Nimekata vibaya. Waoneshe wenzako robo ya kweli."

Aliikata akiwa ameng'ata ulimi, wenzake wamemzunguka, wanapima kwa vidole, wanabishana. Kipande kimoja akampelekea mkufunzi.

Somo lilipokwisha, Leguizamón alikuja mbele akipangusa makombo kwenye ndevu. Ilibidi anisogelee sana.

"Sikusikia hata neno lako moja, binti."

Nikageuka kuanza kufuta ubao.

"Lakini kila mtoto alijua anafanya nini, na kwa nini. Umefaulu." Akaanza kuondoka, akarudi. "Mwambie yule mbishi robo yangu ilikuwa sawasawa."

Nilitoka nikaenda barazani. Ña Nimia alikuwa palepale, mgongo kwetu, upande mmoja wa koti lake jeupe umelowa kwa manyunyu. Angeweza kusogeza kiti ndani. Hakusogeza.

"Asante, Profe," nilisema. Mvua ikaimeza. Akaweka kiganja sikioni, akitabasamu, kama anayengoja jibu la mwanafunzi.

Basi nikamsogelea, nikainama, nikamwambia tena.