Picha Safi ya Papa Casimir

Mama Elisabeth alikuwa ameketi mbele ya televisheni kubwa kuliko kabati lake la vyombo, kitenge kipya kiunoni, simu mapajani, akimtazama binti yake ambaye hatingishiki.

Jumamosi hiyo Lucie alikuwa anaolewa huko Liège, Ubelgiji. Viza ya wazazi haikupatikana, basi mama na binti wakakubaliana hivi: Éliane, rafiki ya Lucie, atarusha kila kitu moja kwa moja. Lucie atapiga magoti kabla ya kutoka kwenda kanisani, mama atamwona kwenye televisheni, atapiga simu na kusema baraka. Bibi arusi hatoki nyumbani bila neno la mama, awe Kalemie kwao, awe Ulaya.

Sasa Lucie alikuwa ameinama nusu, goti moja hewani, mdomo wazi kama mtu anayetaka kupiga chafya. Alianza kukaa hivyo chai ya wageni ikiwa moto, na chai ilikuwa imekwisha kupoa.

"Papa Lucie, punguza hiyo kalite ya picha," Mama Elisabeth alisema tena. "Picha ikuwe mbaya, lakini itembee!"

"Nipunguze?" Papa Casimir, mumewe, alikumbatia telekomande, rimoti ya televisheni, kifuani. "Tele hii ilivuka ziwa toka Kigoma katikati ya magodoro mawili, leo nione mutoto wangu kama ukungu? Batu wamekuja kuona picha safi!"

Batu walikuwa wamekuja kweli, mpaka mlangoni. Zamani mgeni alipewa maji ya kunywa. Siku hizi hata kiti hajakalia anauliza kode ya kuingilia intaneti, na Casimir kwa majivuno yake alikuwa ameiandika kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakuwa na antena ya intaneti juu ya bati.

Mama Elisabeth aligeuka nyuma, na hapo ndipo alipoona. Kila mgeni alikuwa ameinua simu kuielekeza kwenye televisheni.

"Mama Immaculée, unafanya nini?" alimuuliza dada yake Casimir.

"Niko narushia batu ya Nyunzu. Na wao ni familia!"

Jirani yao, Papa Célestin, alikuwa anawarushia wa Kabalo. Mwingine alikuwa na binamu zake Kirungu, kwenye milima, waliokuwa wanalalamika kwamba hawaoni kitu. Kumbe! Picha inaingia kutoka Ulaya kwa shida, na watu wale wale wanaoingojea wanaisukuma tena nje kwa njia ile ile. Sahani moja ya bukari, yaani ugali, mikono ya ukoo mzima imo ndani, halafu wanashangaa kwa nini hawashibi. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Zimeni simu!" alifoka.

"Ndiyo, Mama," walijibu wote, na hakuna aliyezima. Kila mmoja alidhani anaambiwa jirani yake.

Simu yake ikalia. Lucie alikuwa anapiga kwa intaneti hiyo hiyo. "Mama... niko ma... padri..." Ikakatika.

Hapo Mama Elisabeth akaelewa. Televisheni ilikuwa imebaki nyuma. Huko Liège goti lilikwisha kushuka zamani, na mtoto alikuwa anangoja. Alitoka mbio mpaka nyuma ya jiko, mahali intaneti ya nyumba haifiki, akapiga kwa yuniti za simu yake mwenyewe.

"Mama, niko magoti tangu zamani," Lucie alisema, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Padri ametuma muntu kutuita. Mbona hausemi?"

Maneno mazuri aliyoyapanga, pamoja na methali za nyanya yake, yote yalimtoroka. Yaliyotoka yalitoka na hasira zake.

"Lucie mutoto wangu, baba yako alininunulia tele ya kukuona, na sikuoni. Hiyo ndiyo ndoa. Mume atakuletea kitu kikubwa hukumuomba, kitakuharibia siku, na atakikumbatia. Umukasirikie, usinyamaze. Halafu umuwekee chakula. Mimi, hata kesho, ningeolewa naye tena. Sasa simama, enda. Nyumba yako isikauke maji, tumbo lako lisikauke mimba. Mukono wangu uko juu ya kichwa yako."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akarudi ndani.

Huku ndani wageni walikuwa wamekata tamaa. Nani atarusha picha iliyosimama? Walikuwa wameweka simu chini na kushika sahani za samaki. Njia ikapata nafasi, picha ikashtuka, na goti la Lucie likashuka.

"Sema sasa!" Casimir alipiga kelele. Hakuwa ameona hata kwamba mke wake alitoka. "Anakungojea! Sema!"

Picha ikaruka mbele. Lucie alikuwa ameweka simu yake kwenye spika, Éliane akasogeza ile ya kurushia karibu na uso wake, na sauti ya Mama Elisabeth ya kule nyuma ya jiko ikajaa sebuleni kwa kuchelewa: "Baba yako alininunulia tele ya kukuona, na sikuoni..."

Wageni walicheka mpaka samaki wakawakwama kooni. Casimir alitazama sakafu. Ilipofika hapo pa kuolewa tena hata kesho, hakuna aliyecheka, na telekomande ikashuka polepole mpaka magotini pake.

Lakini Mama Elisabeth alikuwa anamwangalia Lucie. Simu haikumpa hili. Mtoto alikuwa anasikia kila neno, anacheka na kulia pamoja, na chozi lilipita juu ya kovu dogo alilolipata shavuni akiwa mdogo. Kovu lilionekana. Picha ilikuwa safi kweli, hilo alilazimika kumkubalia mumewe.

Mama Immaculée hakuweza kujizuia. Aliinua simu. Papa Célestin naye akainua yake, na wengine wote, na Lucie akaganda.

Casimir alipumua kwa nguvu, akaielekeza telekomande. "Basi, napunguza, Mama Lucie. Umeshinda. Napunguza."

Mama Elisabeth alimshika mkono. Mbele yao Lucie alikuwa amepiga magoti yote mawili, shavu limelowa, anacheka.

"Acha," alisema. "Acha hapo hapo."