Kuungua Bila Moto

Nikiongeza chumvi hata punje, soda ya benchi zima ni juu yangu. Wegesa mwenye duka ni shahidi.

Godwin, mtu wa hapa hapa Kenyamonta, aliendesha foko, lile gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala la mgodi upande wa Tarime, miaka ile dhahabu ilipowafanya watu wasahau hata ng'ombe wao. Foko lenyewe halikunywa dizeli. Lilibeba mgongoni mtungi wa gesi, umelazwa. Mle ndani gesi ni maji. Yakipashwa joto la injini yanageuka hewa, hewa inaungua, uma unapanda na mzigo. Kubadilisha mtungi, unafunga koki, unaiacha injini ingurume mpaka ijifie, bomba likauke. Ndipo unafungua.

"Unangoja nini?" Stanslaus, bosi wa ghala, akafoka. "Malori yamejaa nje."

"Bosi, bomba bado lina gesi. Na glavu ziliisha."

"Getini wamejaa wanaotaka hicho kiti."

Godwin akafungua. Ukungu mweupe ukamrukia mkono wa kulia. Vidole vikawa kama mishumaa, bila damu wala lengelenge. Baridi ile, angeshika bia ingepasua chupa. Jamani, aliishika, ikapasuka!

Zahanati ya mgodi ilitibu aliyeumia kazini tu, na ruhusa alitoa Stanslaus.

"Nimeungua, bosi."

"Moto ulikuwa wapi?"

"Ni ile baridi ya gesi."

"Baridi inaunguza? Ukisema umeungua, basi umewasha moto kwenye ghala la gesi. Nikuitie polisi?"

Wenzake wakaangalia viatu vyao.

Akakaa nje ya geti, mkono kwapani. Waliomjua walipita upande wa pili wa barabara. Ndani foko likanguruma. Kiti kilishapata mtu. Vidole vilipoanza kuwa vyeusi alikuwa bado pale, anangoja kuitwa.

"Maskini, alifia kijijini Mbalibali," nikamalizia.

Wegesa alikuwa amekunja mikono.

"Babu, Kenyamonta hii hakuna Godwin aliyeendesha foko. Na wewe tangu nikujue unafungua soda kwa meno. Hebu toa huo mkono wa kulia mfukoni."

Benchi likacheka. Halafu likaacha.

"Haya, wape soda," nikasema.

Pesa ilikuwa mfuko wa kulia. Wegesa akazunguka meza, akaingiza mkono wake, akanitolea.